Dawa Iliyovuliwa Jina

Siku ile nilifika mpakani Rusumo kabla ya saa tatu asubuhi, nikiwa na deli la barafu, barua ya daktari na hasira zangu za kawaida. Nilikuwa namsubiri mama mdogo atoke Kigali na vichupa viwili vya sindano ya dada yangu.

Dada ana saratani ya titi. Alikuwa ametangulia Nyakanazi, amelala gesti karibu na stendi, ili nikimfikia na dawa tupande basi la alfajiri kwenda Mwanza. Sindano ilikuwa kila baada ya wiki tatu, na daktari alishatuonya tusichezee tarehe.

Dawa yenyewe ilibuniwa na kampuni moja kubwa ya ng'ambo, ikachukuliwa hataza, yaani haki ya kisheria kwamba kwa miaka kadhaa mwingine asiitengeneze bila idhini yao. Ya kampuni hiyo hatukuiweza, hata tungeuza shamba la Nyakisasa na migomba yake. Lakini kulikuwa na nyingine inayofanana nayo, kazi ya kiwanda cha nchi nyingine, na kaka yetu anayeishi Kigali aliipata huko kwa cheti cha daktari. Mama mdogo alikuwa amekwenda kumtembelea, kwa hiyo yeye ndiye angeileta.

Mimi ni mwalimu wa uraia, sekondari, huku Kasulo. Niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili ya haki miliki, nikarudi na kabrasha na kiburi. Basi mama mdogo aliponipigia kuuliza kama kuna la kuzingatia, ningenyamaza vipi? Nikamwambia, "Mama, uwe mwangalifu. Dawa hiyo ina mwenyewe. Mpakani wakiliona jina wanaweza kuizuia."

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akakata simu.

Mdomo uliponza kichwa. Tena si kichwa changu.

Alitokea saa nne na nusu, kitenge kipya, kikapu mkononi, uso wa mtu aliyetimiza jambo kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiongee sana, tembea."

Nikamwacha kwenye benchi nje, nikaingia na kikapu kwa mkaguzi wa dawa, kijana mpole aliyevaa miwani. Akafungua chupa ya chai ya mdomo mpana. Ndani kulikuwa na barafu, na katikati ya barafu mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko vichupa viwili vya kioo, vyenye dawa lakini uchi kabisa. Hakuna boksi. Hakuna lebo. Palibaki utando wa gundi tu.

"Lebo iko wapi, mwalimu?"

Nikakimbia nje.

"Nimelowesha kwa maji ya uvuguvugu," mama mdogo akaninong'oneza, na alikuwa anatabasamu. "Nikakwangua kwa ukucha. Boksi na karatasi zake nimechoma jikoni kwa kaka yako. Hawawezi kujua ni ya nani."

Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Huyu mama alivuka mipaka wakati wa vita, mtoto mgongoni, na anatusimulia mpaka leo: kila alipokamatwa, kilichomkamatisha ni karatasi, na kila alipopona, alipona kwa sababu alikuwa ameichoma. Angefanya nini kingine, nami msomi wake nimemwambia jina ni hatari?

Nikarudi ndani, na kwa kuwa sina akili nikiwa na hofu, nikaanza kugomba. Nikamwambia mkaguzi kwamba hizi hataza ni ubabe wa wakubwa, kwamba watu wetu wanakufa huku wenzao wanalinda faida. Nilisema mengi. Watu wa foleni wakageuka kunitazama. Yeye aliniacha nimalize.

"Hataza si kazi yangu," akasema. "Na hata ingekuwa, mkataba wa biashara wa dunia umezipa ruhusa nchi changa kama yetu zisibanwe na hataza za dawa. Muda wa ruhusa hiyo haujaisha. Ingekuja na boksi lake, cheti chake, kiasi cha mgonjwa mmoja, ningeiandika ukapita. Sasa hii ni nini?"

"Ni dawa ya dada yangu."

"Imeandikwa wapi?"

Nikampigia kaka, akatuma picha ya risiti. Mkaguzi akaisoma mara mbili. Akasema risiti inaonyesha kuwa dawa ilinunuliwa, haionyeshi kuwa dawa hiyo ndiyo iliyomo humu.

"Kaka yangu, nakuomba," nikamwambia mkaguzi. Sijui kuomba, sauti ilinitoka kama ya kugombana.

"Tuseme nakuachia," akajibu taratibu. "Ni daktari gani atamchoma mgonjwa kitu kisicho na jina?"

Vichupa vikabaki mezani kwake, barafu ikiyeyuka. Nikaenda nyuma ya jengo nikampigia dada.

"Umeipata?"

Nikamweleza yote. Nyuma yake nilisikia honi za malori ya Nyakanazi.

"Kwa hiyo ingekuwa na boksi lake ingepita?"

"Ingepita."

Nikasubiri anitukane, na ningeshukuru.

"Mama mdogo anajua?"

"Hajui. Yuko nje kwenye benchi."

"Basi asijue. Mwambie wangeichukua tu, iwe na jina isiwe na jina."

"Dada, huo ni uongo."

"Si wewe uliyemwambia ina mwenyewe? Shikilia hapo hapo."

Nikaenda nikamwambia. Akajipiga kofi mapajani, akasema, "Watu wana roho mbaya!" Nikamshika mkono tukaondoka.

Kaka alihangaika mpaka nyingine ikapatikana, lakini tarehe ilishapita siku nyingi. Daktari alisema tumerudi nyuma, akamwanzishia upya. Ile ya pili niliifuata mwenyewe, ikiwa na boksi na karatasi zake zote, na mkaguzi yule yule aliigonga mhuri kabla sijamaliza kumsalimu.

Dada yupo, amekonda, anashinda mkekani. Juzi mama mdogo alikuja kumwona. Tulikuwa tunachambua maharage, akauliza, "Hivi, hii ya sasa imepitaje?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Mwenyewe amekubali, mama."

Akaacha kuchambua, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe ni mtu wa kuombwa tu? Sasa mbona hatukumwomba mapema?"

Dada alijifunika khanga usoni, nami nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage.