Nambari Sita Kati ya Sita

Chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu ninayotaka kuwasimulia ni ile ambayo hata mbuzi wa Garissa, wanaokula katoni barabarani bila haya, wangegeuza uso. Na mimi ni mwalimu wa hisabati. Hilo liwekeni akilini.

Kila mwaka huwafundisha Kidato cha Nne hesabu za uwezekano, na mfano wangu ni huu: ukichagua nambari sita kati ya arobaini na tisa, zipo njia karibu milioni kumi na nne za kuchagua, na wewe unayo moja tu, kwa hivyo (hapa hutua kidogo nikavua miwani) anayecheza bahati nasibu ni mtu aliyetoroka somo langu. Darasa hucheka sana. Basi Alhamisi moja, wakati wa chai, mimi mwenyewe nikajibanza nyuma ya tangi la maji na simu yangu ya mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe na tochi, nikatuma nambari sita kwa bahati nasibu ya taifa. Nilijificha kwa sababu nusu ya walimu wenzangu na karibu wazazi wote ni Waislamu, kamari kwao ni haramu, na mimi kwao nilikuwa Mwalimu Wanyonyi, mtu wa heshima zake.

Nambari zenyewe niliziandika kwenye kikaratasi nikakitia mfuko wa shati: 3, 9, 17, 24, 38, 46. Tisa ni miaka niliyokaa Garissa nikisubiri cheo, thelathini na nane ni joto la saa nane mchana, na hizo nyingine ni mambo yangu na mke wangu. Mchezo ni rahisi: ukilipia, wanakutumia ujumbe wa kuthibitisha nambari zako, Ijumaa jioni wanachezesha droo, kisha wanakutumia ujumbe wa pili wenye nambari zilizoshinda, nawe unalinganisha. Lakini mara tu nilipobonyeza kutuma, mnara wa simu ukazimika, mtaa mzima ukakaa bila netiweki siku mbili, na mimi nikasahau kabisa kwamba hata ule ujumbe wa kwanza sikuupata.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi, na ajenda ya tatu ilikuwa kunithibitisha kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Cheo ni kitu kizuri, lakini nisiwadanganye, nilichokitamani ni nyumba ya naibu: iko ndani ya shule, ina mfereji wake, na darini ina feni. Feni! Mimi naishi mtaa wa Waberi katika chumba cha mabati ambacho ukiweka mkate mezani unakauka ukiutazama. Miaka tisa niliitaka feni ile jinsi wengine wanavyotaka gari.

Basi tumeketi chini ya turubai, Bwana Mutua, mwalimu mkuu, bado yuko ajenda ya kwanza (huyu hata salamu zake zina utangulizi), mara netiweki ikarudi, na mifuko ya watu ikaanza kulia huku na huku. Nikachungulia simu yangu. "Droo ya Ijumaa. Nambari: 3, 9, 17, 24, 38, 46." Sasa, kioo cha mulika mwizi huonyesha mistari mitatu tu, ukitaka zaidi ubonyeze kushuka chini. Sikubonyeza. Nilitoa kikaratasi changu, nikalinganisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara ni sita kati ya sita.

Kosa lililofuata ni kumnong'oneza Kiprono, mwalimu wa michezo aliyekuwa kando yangu, mtu ambaye kwa miaka tisa hajawahi kunipisha hata mlangoni. Papo hapo akanipa soda yake, akaanza kunipepea kwa daftari la mahudhurio.

"Waambie ukweli wao, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Sasa unamwogopa nani?"

Swali zuri! Kwa hivyo Bwana Mutua aliposema, "Ajenda ya tatu, Mwalimu Wanyonyi simama wazazi wakuone," nilisimama wakaniona, na kipaza sauti nikajichukulia mwenyewe.

"Bwana Mutua, ile nyumba yako ya feni fugia kuku," nikasema. "Miaka tisa nimekunywa chai ya walimu, na ile si chai, ni maji yaliyosikia habari za majani. Miaka tisa nimekufundishia vipindi vyako wewe ukisinzia ofisini eti unaandika ripoti. Jumatatu niko njiani kwenda kwetu Bungoma!" Kisha, kwa kuwa sikujua tena pa kukomea, nikawaahidi wazazi kisima. Wakapiga makofi.

Mzee Abdullahi, mwenyekiti wa wazazi na muuza ngamia wa soko la mifugo, aliinua mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kisomali kisicho na herufi p. "Mashallah, mwalimu. Lakini hii kisima, besa yake imetoka wabi?"

"Nimeshinda bahati nasibu ya taifa!"

Makofi yalikatika. "Astaghfirullah," sauti ikasema huko nyuma. Mzee Abdullahi akasogea mbele polepole, akanyoosha kiganja.

"Kamari ni haramu, mimi sijui mambo yake. Lakini lete simu. Mimi nauza ngamia. Ujumbe ya besa nasoma mbaka chini, ndiyo natoa mnyama."

Nikampa, tena kwa maringo, na kipaza sauti nikamshikia mdomoni mimi mwenyewe ili pasiwe na mtu wa kukosa. Akabonyeza kushuka chini. "'Hizi ndizo nambari ulizochagua. Asante kwa kucheza. Matokeo utatumiwa baada ya droo.'" Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko kilichofuata. "Mwalimu, hii nambari ni yako wewe. Umelinganisha yako na yako." Akabonyeza tena. "Haya, matokeo iko hii ingine." Akazisoma moja moja, watu mia mbili wakinitazama na kikaratasi changu mkononi, na katika zile sita sikupata hata moja.

Bwana Mutua alipokea kipaza sauti kwa utulivu wa ajabu. "Tunamshukuru Mwalimu Wanyonyi kwa maoni yake kuhusu chai," akasema. "Ajenda ya tatu bado iko wazi." Nikageuka kumtafuta ndugu yangu Kiprono. Alikuwa ameshahamisha kiti chake mstari wa mbele, na soda yake ameondoka nayo.

Sichezi tena, na mkinikuta nyuma ya tangi la maji jueni nanawa uso. Wanafunzi wakifika somo la uwezekano huniomba mfano mwingine, kwa adabu kabisa, huku wamefunika midomo. Wiki mbili baada ya mkutano nililetewa bahasha ya shule, na barua ilianza vizuri sana, eti bodi inanishukuru kwa utumishi wangu wa miaka tisa. Sikudanganyika, nikashuka moja kwa moja hadi chini. Lilikuwa onyo, na limetiwa sahihi na Kiprono, Naibu wa Mwalimu Mkuu, kwa mwandiko safi wa mtu aliyeandika bila kutokwa na jasho.