Mji Uliochorwa kwa Hina

Jumamosi alasiri sisi walimu watatu, wote wanawake, hukutana sebuleni kwetu Garissa kucheza. Kila mmoja hujitungia mhusika, mchawi au shujaa. Tunasimulia safari yao, na dadu zinaamua nani atapona. Binamu yangu alituletea vitabu viwili vya dunia za mchezo huo kutoka Nairobi, tukashindwa kukubaliana tucheze katika ipi.

Cha kwanza kilikuwa kijivu mwanzo hadi mwisho. Ukungu, mvua, ngome za chuma, nyuso zilizofichwa nusu gizani, mistari ya wino kama iliyokwaruzwa kwa kucha. Cha pili kilimeremeta: miji inayoelea angani, majoka ya zambarau, mashujaa waliovaa kama wanaenda harusini.

"Hiki," alisema mwenzetu anayetoka Bute, akikikumbatia kile cha kijivu. "Jua nimelizoea. Nikicheza nataka kulowa."

"Lakini abaayo, dada yangu, watu wa kitabu hiki hawacheki hata kidogo," akajibu mwenzetu mwingine, mwalimu wa Kiswahili. "Nikitaka huzuni nitasahihisha insha."

Mimi nilivipenda vyote viwili, kwa hiyo sikumsaidia yeyote.

Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuwapaka maharusi hina, alileta chai na kupekua kurasa chache. Akakunja uso. "Hiki giza tupu, hiki rangi tupu. Jicho litapumzika wapi?"

Akachukua koni yake ya hina, akauvuta mkono wangu wa kulia. Mnara ukaota kwenye kifundo cha mkono, lango dogo likafunguka kiganjani, kuta zikapanda pamoja na vikonyo vya maua, na joka likalala juu ya vidole, mkia ukiishia kwenye ua la yasmini.

"Joka gani hili lenye maua?" nikamuuliza.

"La kutomtimua bwana harusi."

"Na mvua yangu?" akauliza yule wa Bute.

Mdogo wangu akadondosha vitone vidogo juu ya mnara wote. Wa Bute akaridhika, akakifunga kitabu chake.

Tukacheza katika mji huo wa mkononi mwangu. Kwa kuwa hina ilikuwa mbichi, sikuweza kushika dadu wala kikombe. Mdogo wangu alinirushia. Kufikia magharibi alikuwa amejifanya mlinzi wa lango, na alitukatalia kuingia mara mbili, kwa furaha kubwa.

Jumatatu darasani msichana mmoja aliukodolea macho mkono wangu.

"Mwalimu, huo ni mji? Mlango wake uko wapi?"

Nikageuza kiganja nikamwonyesha, kisha nikarudi kwenye hesabu za sehemu.