Kamera Isiyojua Kunyamaza

Juzi, katika duka la kamera Ngamiani, mama mmoja anayepiga picha sherehe za wanawake alitaka arudishiwe kamera yake kuukuu aliyoibadilisha na mpya.

"Dada, hii inaona hata gizani," muuzaji alijitapa, "na picha inaruka mpaka kwenye simu!"

"Kwa kuruka huko nimefukuzwa shughulini Makorora. Mabinti wanacheza vichwa wazi, mama wa bi harusi ananiuliza, 'Hiyo inatuma?'"

"Si uzime huko kutuma?"

"Nizime, nani ataniamini?"

Muuzaji akakuna kidevu. Ile kuukuu ilishauzwa, imekwenda Pangani.

Mama akaifunika mpya kwa ncha ya mtandio, taratibu, kama anayefunika uso wa maiti. Ile ya zamani ilikuwa haioni gizani, lakini ilialikwa.