Fahari ya Nyumba Hii

Mafuta ya cherehani yana harufu ambayo ukiizoea utotoni haikutoki tena. Ni kama chuma kilichopata jasho. Juzijuzi nilikuwa Katoro na marobota yangu ya mitumba, nimetoka Runzewe asubuhi, nikapita kwenye kibaraza cha mafundi wa nguo. Mmoja alikuwa akitia mafuta mashine yake, tone kwa tone, huku anapiga mluzi. Hapo hapo nikajikuta tena chini ya meza ya mama yangu kule Ibadakuli, naokota vipande vya vitambaa na kusikiliza mambo yasiyonihusu.

Mnaonifahamu mnajua sikai mahali. Nikikaa mwezi mji mmoja miguu inaanza kuwasha. Lakini kila ninapokwenda, harufu ile inanitangulia, na ikinikuta inanirudisha kwenye swali moja tu, la Masanja na igizo la shule.

Mama alikuwa fundi. Ujanani alianza kusomea ualimu akaishia njiani, na kilichombakia cha ualimu kilikuwa kusahihisha watu. Hata akiwa na pini mdomoni alisahihisha. Ukisema “ng'ombe yangu”, yeye “wangu”. Ukisema “mbuzi hii”, yeye “huyu”. Wateja wengine walicheka, wengine walinuna, naye wala hakujua kwamba amesema kitu. Ilimtoka tu, kama mtu anavyokoroma.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Neema, mke wa mnunuzi wa pamba. Nyumba yao ilikuwa na bati jekundu na sebule yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na watoto wa mtaani tuliruhusiwa kuishia kwenye ngazi. Sisi tulikula kutokana na magauni ya Mama Neema, mapazia ya Mama Neema, sare za watoto wa Mama Neema. Katika nyumba hiyo alifanya kazi Kabula, mwanamke aliyeshapita ishirini, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Nikiwa darasa la sita, Kabula alikuja kwa Mama kutanuliwa gauni kiunoni. Kabla msimu wa pamba haujaisha akaja tena kulitanua. Mara ya pili Kabula alisema “nguo yangu imekuwa mdogo”, na Mama hakumsahihisha. Alipima, akaandika kwa chaki. Kule chini ya meza nilishika vitambaa vyangu nikajua kwamba kuna jambo.

Haukupita muda tukasikia Kabula amefukuzwa kwa kuiba hereni za Mama Neema. Mchana uleule alikuja kwetu na furushi, akaomba ajihifadhi mpaka apate gari la kwenda kwao. Mama alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu upande huu, mwingine upande ule, akamwambia kwamba nyumba imejaa. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Kisha akafunga mlango taratibu, kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

Tangu siku ile mtaa ulikuwa na macho mengi. Wanawake bombani waliacha maneno katikati tulipokaribia na ndoo zetu. Wengine walisema Kabula ana mwenzake aliyempokea hereni, na sikuelewa kwa nini wakisema hivyo wanatazama kwetu. Nilianza kumchunguza mama yangu mwenyewe. Akitoka, napekua kopo la vifungo. Akirudi, natazama mifuko yake. Halafu Jumapili moja kanisani nikaziona hereni zilezile zikining'inia masikioni mwa Mama Neema, zikimetameta kila alipoinamisha kichwa kusali. Nilimvuta Mama nguo. Akaniambia nitazame mbele. Nilipogeuka nyuma kidogo, niligundua kwamba safu nzima ya wanawake ilikuwa inatazama mbele vilevile, kwa bidii sana.

Sasa, shule yetu ilikuwa na igizo lake la siku zote. Tuliliita Igizo la Mgeni. Lilitungwa zamani na mwalimu aliyekwisha kuhama, na kila darasa la sita lilicheza igizo hilohilo siku ya wazazi, hata wazee walilijua kwa moyo. Mgeni anafika nyumba ya kitajiri, anauliza habari za mtumishi aliyekutwa amekufa njiani. Bwana wa nyumba anasema yeye alimwachisha kazi tu. Kijana wa nyumba anasema yeye alimcheka tu. Bibi wa nyumba anasema, “Mimi nilifunga mlango tu.” Bibi huyo mwaka ule nilikuwa mimi, na kila nikisema maneno hayo mazoezini niliuona mlango wetu ukifungwa.

Mgeni alikuwa Masanja. Baba yake alikuwa mlinzi kwenye ghala la pamba la Baba Neema, na Masanja mwenyewe alikuja shule na shati lenye mgongo wa viraka. Alichaguliwa kwa sababu moja. Mnatujua sisi Wasukuma na r. Mwalimu wetu alitusimamisha mstari mzima tukasema “barabara”, nasi tukamrudishia “balabala” mpaka akakaa chini. Masanja peke yake aliizungusha r ikanguruma kama lori linapanda mlima. Na neno zito la mwisho la mgeni lilihitaji r hiyo: “Fahari ya nyumba hii ndiyo iliyomponza binti yule.” Majivuno ya nyumba, mnaelewa. Ile hofu ya kuaibika mbele ya watu.

Siku ya wazazi Baba Neema na Mama Neema waliwekwa viti vya mbele, vya kuegemea, wengine wote kwenye madawati. Masanja alivaa shati jeupe alilolishona Mama. Tulikwenda vizuri. Niliposema kwamba mimi nilifunga mlango tu, nilimtafuta Mama kwa macho nikamkuta anatazama vidole vyake. Kisha Masanja akasogea mbele, akamwelekea Baba Neema, akasema bila haraka:

“Fahali wa nyumba hii ndiye aliyemponza binti yule.”

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Kisha kicheko kilianza upande wa wachunga ng'ombe, kikazimwa, kikaanza upande mwingine, kikazimwa tena. Baba Neema aliangalia saa yake. Mama Neema alipandisha mkono kwenye sikio, akashika hereni, akauacha mkono palepale.

Mwalimu alikimbilia mbele kuomba radhi. Alisema wageni wamsamehe mtoto, ni lugha ya nyumbani, r na l zinatupa shida watoto wa huku. Watu wote wakaitikia kwa sauti kubwa kwamba ni kweli, zinatupa shida. Sijawahi kusikia watu wazima wakiikubali aibu yao kwa furaha namna ile. Masanja alichapwa viboko kwa matamshi mabaya.

Baada ya siku ile hereni hazikutajwa tena. Wazee wa kina Kabula, ambao kabla ya hapo walikuwa wakijificha kwa aibu ya mwizi, walikuja wamevaa makoti yao, wakaketi kwenye vile viti vya vitambaa vya kufuma. Jioni moja tuliona ng'ombe wa Baba Neema wakiswagwa kuelekea kwao. Kila mtu mtaani alikuwa na kazi ya kufanya nje ya nyumba saa hiyo, na hakuna aliyeuliza ng'ombe wanakwenda wapi.

Lakini baba yake Masanja alikuwa ameshanyang'anywa funguo za ghala siku ya pili tu baada ya igizo. Familia yote ilifunga vitu kwenye mkokoteni wa punda ikashika njia ya stendi, kwenda Geita kutafuta riziki migodini. Walipita mbele ya nyumba yetu. Nilitoka kumpungia Masanja. Mama hakutoka, alikuwa ndani anakanyaga cherehani kwa kasi. Niliporudi nikaona chini ya sindano hakuna nguo. Alikuwa anashona hewa.

Nilidhani ana hasira na Masanja. Kwa miaka mingi nilidhani hivyo.

Kule Katoro, baada ya kibaraza cha mafundi, nilikwenda kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kuuza makoti ya kazi. Mwanamume mmoja mweupe kwa vumbi akaniambia, “Mwadila, bibi wa nyumba.” Salamu ya kwetu, na cheo changu cha kwenye igizo. Alikuwa Masanja. Tulikaa kwenye magunia, tukanywa chai, akanitania kwamba bado nina sura ya kumfungia mtu mlango. Nikamuuliza lile nililotembea nalo. Mbona r ile ilimshinda siku moja tu?

Akacheka. “Haikunishinda. Ulimi ukiteleza kwenye r, unateleza hapo tu. Hauwezi kuteleza ukageuza na ‘ya’ ikawa ‘wa’.”

Nikamwomba aniambie ni nani aliyemfundisha. Akapuliza chai yake, akasema alipewa shati zuri, na mpaka leo hajalijutia shati, ila baba yake hakupata kazi nyingine ya kukaa kitako mpaka anakufa. Kisha akaniambia nimsalimie Mama.

Nilifika Ibadakuli nikamkuta Mama kwenye mashine yake, macho yamefifia, pini mdomoni. Nilimtungia uzi kwenye sindano. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia Masanja anamsalimu.

“Masanja yupi?”

“Yule wa fahali ya nyumba hii.”

“Wa,” akasema Mama kupitia pini. “Fahali wa nyumba hii.”

Mguu ukasimama kwenye pedali. Akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa, zote, ingawa kazi ilikuwa haijaisha. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama baba yake Masanja yu hai.

Chini ya meza ile niliwahi kumshuku mama yangu kwa hereni. Nilikuwa namshuku kwa kosa lisilo lake. Yeye, aliyeogopa kupoteza mteja, alimfungia Kabula mlango, halafu akamtafutia mtu wa kumsemea. Akamchagua mtoto wa mlinzi, ambaye angesamehewa kama Msukuma yeyote asiyejua r. Kabula alisafishika jina. Bili ikaenda kwa mwenye viraka.

Nilimwambia Mama kwamba baba yake Masanja alishafariki. Alitikisa kichwa, akarudisha mguu kwenye pedali, akaanza kukanyaga. Sikuinama kutazama kama chini ya sindano kuna nguo.