Farasi wa Baba na Zawadi ya Krismasi

Nilikuwa sijapata kununua zawadi ya Krismasi maishani mwangu. Sisi ni watu wa Idi: nguo mpya, halua, watoto wapewe chao, khalas. Lakini Desemba iliyopita nilijikuta nazunguka dukani hapa Maskati, nimetoka kazini Rusayl kichwa kinanigonga, nimesimama mbele ya mti wa plastiki wenye vitaa, sijui hata nianzie wapi. Msichana wa dukani, Mfilipino, akaniuliza zawadi ni ya nani. Nikamwambia ya dada yangu. Akaitazama abaya yangu, akanitazama tena usoni. Ningemweleza nini?

Dada huyo ni mtoto wa baba. Alimzaa Kenya, kwenye shamba la mzungu, kabla hajamjua mama yangu, na mwanamke aliyezaa naye alikuwa Mkristo wa huko huko. Baba alipoondoka kuja Omani alimwacha mtoto bado mchanga. Leo ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ana wajukuu. Nyumbani sote tulijua yupo, na sote tulijua hatajwi mbele ya mama. Mwaka jana baba alianguka bafuni akavunjika nyonga, na alipotoka hospitali hakuwa na neno jingine: anataka kumwona mwanawe kabla hajafa. Dada akapata nafasi ya kusafiri wakati wa Krismasi.

Mama alikubali kwa sharti. "Atakula, atakunywa, atamwona babaake. Kulala nyumbani kwangu, hapana. Mtafutieni hoteli."

Msimwone mama ana roho mbaya. Miaka miwili kabla ya hapo tulimzika dada yangu mkubwa, mtoto wake wa kwanza, na chumba chake cha juu mama alikifunga kwa ufunguo. "Mnaniletea wa kuziba pengo?" aliniuliza. "Mie pengo langu halizibwi na mtu, nnakwambieni." Baba hakubishana naye. Aliningoja mpaka tukawa peke yetu, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mazikoni. "Nilimwacha mara moja," alisema. "Sasa nimtupe hotelini kama mgeni wa kampuni? Hata usiku mmoja asilale chini ya paa langu?"

Basi nikanunua blanketi. Zuri, zito, laini, maana huko kwao milimani baridi haina mchezo. Nikalileta nyumbani najiona mjanja, nikamfungulia baba. Uso wake ukabadilika.

"Lirudishe."

"Kwani lina nini?"

"Mzungu alitupa blanketi kila Krismasi. Tunapanga mstari mbele ya banda, mkewe anagawa, sisi tunasema ahsante. Na farasi wake nao wanapewa yale yale, rangi ile ile. Mama yake huyu mtoto alimbeba mgongoni kwa blanketi la farasi. Leo mimi babaake nimpe blanketi?"

Wallahi niliona haya, kisha nikakasirika. Ningejuaje mie? Nikalirudisha garini nikabamiza mlango, majirani wakachungulia.

Hao farasi nimelelewa nao kwa maneno tu. Babu na baba ndio waliokuwa wakiwatunza na kuwazalisha. Si farasi wa mashindano. Hawa walikuwa majitu, miguu minene yenye manyoya mpaka kwatoni, wa kukokota plau na magari ya ngano. Wenzake yule mzungu walishahamia kwenye trekta, yeye king'ang'anizi. Na kuzalisha farasi ni kazi ya presha. Jike anabeba mimba karibu mwaka mzima, halafu mtoto anazaliwa anakufa. Au anakufa mama, mtoto anabaki. Ukimpelekea jike aliyefiwa mtoto wa mwenziwe hamtaki, anampiga mateke. Basi babu alikuwa akimchuna yule mtoto aliyekufa, ile ngozi anamvisha yatima na kuifunga kwa kamba tumboni. Jike akinusa harufu ya mwanawe anatulia, anamwachia titi. Baba kaisimulia mezani mara nyingi hata mama akawa anaimalizia yeye: "Na akamwachia titi. Haya, kula, wali unapoa."

Krismasi ilipokaribia nikamwuliza baba, sasa tunampa nini mgeni? "Zawadi ninayo," akasema. "Niletee karatasi ya kufungia tu." Nikamletea yenye nyota. Akajifungia chumbani na fimbo yake, akaifunga mwenyewe, gundi kila mahali. Nikafurahi kwamba mzigo umenitoka, sikuuliza kitu.

Dada akafika mchana wa Krismasi, nimempokea uwanja wa ndege mwenyewe. Mrefu, mwembamba, pua ya baba ile ile, hata ningekutana naye sokoni Wadi Kabir ningeijua. Akaenda jikoni kwanza. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia "Marahaba" bila kunyanyua uso kutoka kwenye sufuria. Kisha nikampeleka kwa baba. Sitaeleza walivyolia. Nilitoka nikawaacha.

Nikawa napanga sahani sebuleni. Harufu ndiyo iliyonifikia mwanzo: udi, na poda fulani, na kitu kingine ambacho sijakinusa kwa miaka miwili. Nikageuka. Dada kasimama mlangoni anatabasamu, kajitanda mtandio wa zambarau wenye maua meupe. Mtandio wa marehemu. Mama aliuweka kabatini chumbani mwao, yeye na baba, ndani ya mfuko wa nailoni, hajaufua tangu msiba. Kila Ijumaa anaufungua, ananusa, anafunga.

"Baba kanipa," akasema dada. "Unanukia vizuri, eh?"

Ya Rabbi, baba, umefanya nini? Mama akatoka jikoni na sinia la biriani, akaliweka chini polepole, akamfuata dada pale mlangoni. Akaishika ncha ya mtandio, akaipeleka puani, akafumba macho. Nyuma yao baba kaegemea fimbo, anamtazama mkewe kwa matumaini kama mtoto. Nilimwonea huruma, na nilitaka kumpiga.

Mama akafumbua macho.

"Mie si farasi," akamwambia baba.

Dada akatutazama mmoja mmoja. Sijui mama yake alimsimulia nini kuhusu shamba lile, lakini alielewa. Akauvua mtandio, akaukunja, akauweka mikononi mwa mama. "Nisamehe, mama. Sikujua una mwenyewe."

"Wewe hukujua. Aliyejua huyu hapa." Machozi yalikuwa yanamtoka mama na hayafuti. "Mwanangu kafa. Nshamzika. Asinivalie mtu ngozi yake."

Baba akakaa kwenye kiti, kichwa chini, anaonekana mdogo. Dada akachukua mkoba wake mezani. Nikatafuta funguo za gari, nikijua safari ni ya hoteli.

"Wewe unakwenda wapi?" mama akaniuliza kwa ukali. Akatoa ufunguo wa chumba cha juu kifuani mwake, akanitia mkononi. "Sanduku lake lipandishe. Mwambie akaoge, harufu ya mwanangu imtoke. Kisha ateremke tule, na harufu yake mwenyewe."