Lenzi Ndefu ya Usicheke

Idara ya vitambulisho ilitangaza, kwa karatasi yenye mhuri iliyobandikwa getini, kwamba sura ya mwananchi ni mali ya taifa; kwamba mali ya taifa haichukuliwi kwa chombo kisicho na hadhi; na kwamba, kwa sababu hiyo, kuanzia mwezi ujao hakuna mpiga picha atakayesimama kwenye ukuta wa Idara bila kibali, wala kibali hakitatolewa kwa mtu asiye na kamera ya kitaalamu, yaani ile ya dijitali ambayo lenzi yake hufunguliwa ikafungwa nyingine. Picha za simu zilitajwa waziwazi na kulaaniwa.

Wapiga picha wa ukutani waliisoma karatasi hiyo kama watu wanavyosoma tangazo la msiba, wakiangalia kwanza kama jina la marehemu ni lao. Lilikuwa lao.

Mmoja wao aliitwa Usicheke, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza. Kitambulisho hakitaki meno. Mali yake yote pale ukutani ilikuwa kitambaa cha buluu, kiti kimoja, mashine ndogo ya kuchapia iliyoungwa na betri ya gari, simu, na koti jeusi lililopasuliwa mgongoni ili limwenee mnene na likibanwa kwa vibanio vya nguo limkae mwembamba. Kwa koti hilo alikuwa amewavisha heshima nusu ya watu wa mji, upande wa mbele tu. Kati ya ukuta na mtaro wa maji machafu palikuwa na nafasi ya hatua chache. Usicheke alisimama hapo miaka yote, kisigino kikiwa kwenye ukingo wa mtaro, na hakuwahi kutumbukia. Huo ndio ustadi wake ambao hakuna aliyewahi kumsifu.

Pesa zilikuwepo, ila zilikuwa na kazi yake. Yeye na mkewe waliishi chumba kimoja, na chumba hicho kiligawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia alilala mama mkwe. Walikuwa wakiweka akiba ili waongeze chumba cha pili. Macho hayana pazia, wasemavyo wahenga. Masikio ya mama mkwe yalikuwa nalo, na halikusaidia kitu.

"Zile za chumba," alisema mkewe usiku ule. Hakuwa anauliza.

"Bila kibali hakuna ukuta. Bila ukuta, hicho chumba tutakijenga kwa mate?"

"Na mama?"

"Mama hayupo," sauti ilijibu kutoka nyuma ya pazia. "Mama amelala. Endeleeni."

Aliyeitwa kutoa ushauri ni shemeji, kaka wa mke. Shemeji hakuwahi kumiliki kamera, lakini alikuwa ametazama video nyingi sana kuhusu kamera, jambo ambalo siku hizi linatosha. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akakunja nne.

"Shem, usidanganyike na mpya. Mpya ni ganda tu. Nunua mashine kuukuu, mwili mkubwa, halafu pesa yote itie kwenye lenzi."

"Lenzi ipi?"

"Ndefu! Mteja anafika getini, anakuta mmejipanga kama viti vya harusini. Anamwendea nani? Mwenye bomba. Wewe utamsimamia mtu na lenzi kama kifuniko cha soda, mwanaume mzima?"

"Mchagua jembe si mkulima," ilisema sauti ya nyuma ya pazia.

"Mama, si umelala?"

"Nimeota."

Duka la kamera kuukuu lilikuwa jembamba na refu kama behewa, mlango huku, kaunta kule. Dada wa kaunta alimpangia kamera za bei yake juu ya kitambaa. Kulikuwa na kamera mpya, ndogo, iliyokuja na lenzi yake fupi, nayo ingemeza kila kitu hata nauli. Halafu kulikuwa na kamera kuukuu, kubwa, iliyochujuka pembeni pale viganja viliposhika, ambayo ingembakizia pesa ya kununulia lenzi moja. Moja tu, si mbili: fupi au ndefu.

"Ilikuwa ya nani hii?"

"Mpiga picha wa harusi."

"Imepiga harusi nyingi?"

"Nyingi. Ndoa zenyewe sijui, lakini kamera imedumu."

Akaijaribu kwanza na lenzi fupi. Ilikuwa ya plastiki, nyepesi, haina mbele wala nyuma. Dada alisimama karibu naye, na uso wake ukaingia wote, kuanzia nywele hadi mabegani, kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Usicheke aliiona picha ile, na mkono wake uliijua. Ilikuwa ndiyo picha aliyoipiga kila siku ya maisha yake. Pengine ndiyo sababu hakuipenda.

Kisha akafunga ile ndefu. Akarudi nyuma, akarudi tena, hadi mgongo ukagusa mlango, na kule mwisho wa duka uso wa dada ukamjia na kope zake, kope mojamoja. Watu wa barabarani walisimama. Mmoja, mwenye tai, alimuuliza kwa adabu, "Samahani, kaka, unatoka gazeti gani?"

Miaka yote ya ukutani hakuna aliyewahi kumuuliza anatoka wapi.

"Ungekuwa wewe, dada, ungechukua ipi?" alimuuliza, ingawa lenzi ndefu alikuwa keshaikumbatia.

"Inategemea. Unapiga picha gani?"

"Za watu," alisema Usicheke. Neno kitambulisho hakulitaja.

"Basi zote zinapiga watu."

Kesho yake ukutani palikuwa na sherehe fupi. Wenzake walilishika lile bomba mmoja baada ya mwingine, wakalipima uzito, wakaguna. Jirani yake wa kushoto, aliyeitwa Mchungaji kwa sababu ya sauti yake ya upole, alisema tu, "Hongera, ndugu yangu. Mungu ni mwema." Mteja wa kwanza, mzee mmoja aliyewapita wengine wote, alikuja moja kwa moja kwa mwenye bomba, kama shemeji alivyotabiri. Akavishwa koti, akabanwa vibanio, akakaa.

Usicheke aliweka kisigino kwenye ukingo wa mtaro, akaweka jicho. Aliona pua. Haikuwa hata pua safi. Lenzi ilikoroma, ikaenda mbele, ikarudi, kama mtu anayepapasa miwani yake kitandani. Akauvuka mtaro. Sasa aliona jicho moja na shavu. Akarudi nyuma zaidi, akashuka barabarani.

"Kijana!" aliita mzee kutoka kitini. "Mbona unanikimbia? Umeona nini usoni kwangu?"

"Tulia hivyohivyo, mzee wangu! Inua kidevu!"

"Sikusikii!"

"Kidevu!"

"Naona ndiyo unarudi nyumbani. Ukifika unipigie."

Ukuta mzima ulicheka. Usicheke alibonyeza, na katika sekunde hiyo mkokoteni wa maji ukapita katikati. Picha ilitoka nzuri ajabu: sikio la msukuma mkokoteni, na jasho lake, tone kwa tone. Mzee alivua koti mwenyewe, akalitundika kwenye kiti, akamsogelea Mchungaji.

Jioni Usicheke alikuwa kwenye kaunta ya duka refu.

"Ile fupi, dada."

"Imeondoka asubuhi na mapema, duka likifunguliwa. Kaichukua mtu wa huko huko getini kwenu. Alikuja na kamba yenye fundo, akaishika ukutani, nikamshikia upande wa pili. Akasema hapo kwenye fundo ndipo mtaro wenu ulipo, akapima lenzi kwa umbali huo."

"Anaongea kwa upole?"

"Sana."

"Nikirudisha hii?"

Dada alitazama juu ya kichwa chake mwenyewe, palipoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali ikishauzwa hairudi. Ile kamba ndiyo iliyomuuma Usicheke kuliko maandishi yale. Katika mji mzima hakuna aliyeijua nafasi ile kama kisigino chake, na yeye mwenyewe hakukiuliza.

Mchungaji hakumcheka. Ingekuwa nafuu kama angemcheka. Alimkubalia aazime lenzi fupi kila foleni yake mwenyewe inapokuwa tupu, kwa mapatano ya nusu kwa nusu kwa kila uso. "Mimi si mtu wa riba, ndugu yangu," alisema, "ila lenzi nayo inachoka." Lenzi ndefu ilihamia nyumbani, ikalala kabatini ikiwa imeviringishwa kwenye kanga. Shemeji alipata shughuli nyingi mwezi ule. Mke wa Usicheke aliuliza mara moja tu, "Na chumba?" naye akajibu, "Tutaona." Wote wawili walingoja sauti itoke nyuma ya pazia. Haikutoka, na usiku huo ndipo alipojua kwamba mama mkwe alikuwa akimpenda pale alipokuwa akimsema.

Siku ya ukaguzi wa kamera kabla ya vibali kutolewa, kila mmoja alihitaji lenzi yake kwa wakati mmoja, hivyo bomba lilitolewa kwenye kanga. Karani wa Idara alipita kwenye ukuta mikono nyuma, akazipita fupi bila kusimama, akafika kwa Usicheke. Aliipokea kamera kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

"Haya sasa! Hii ndiyo kamera. Wengine wote jifunzeni hapa."

"Amina," alisema Mchungaji.

Hakuna aliyemwambia Usicheke apige picha nayo. Aliitwa ndani wa kwanza, akapewa kibali cha kuning'iniza shingoni, kikiwa na jina lake kamili, namba, mhuri na picha yake. Picha hiyo aliipiga karani mwenyewe, palepale mezani, kwa simu.