Labanya Medhi na Neno la Kwao

Basi lilimwacha Ujjal Phukan kwenye njia panda yenye duka moja la chai, likaondoka kabla hajauliza njia. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na katika shamba lililo karibu na barabara wanaume walikuwa wakisimamisha hema kubwa kama ghala. Phukan alizaliwa Sivasagar, huko juu ya Assam, akasomea Kolkata, akafanya kazi Guwahati mpaka mvi zikamwanza. Nalbari, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka ofisini kwake, alikuwa hajawahi kukanyaga.

"Naulizia kwa Labanya Medhi," alimwambia muuza chai.

"Yule wa sinema?"

"Wa sinema. Na wa riwaya."

"Riwaya sizijui. Ila juzi alishuka hapa na makopo ya bati, mazito kama mawe. Nikamwambia, Baideu, umetuletea biskuti? Akasema, hapana, nimemleta mama." Muuza chai alimtazama juu mpaka chini. "Wewe ni mtu wa huko juu, eh? Unaongea kama redio."

Baideu maana yake dada mkubwa, na kijiji kizima kilimwita hivyo, hata wazee waliomwona akizaliwa. Makopo yenyewe ndiyo yaliyomleta Phukan. Ndani yake kulikuwa na mikanda ya filamu ya nne ya Labanya, nakala pekee iliyotoka maabara, naye alikuwa ameibeba kwenye basi la kawaida kama mtu anayerudi sokoni. Tajiri wa filamu hiyo, Baruah, aliyemtuma Phukan, alikuwa amempata mwigizaji wa mjini wa kutia sauti upya katika maneno yote ya mama wa kwenye filamu, na studio ilikuwa inangoja. Kilichokosekana ni makopo.

Alimkuta barazani, mwanamke mwembamba wa miaka sitini kasoro, miwani imefungwa uzi, anakata popoo kwa kisu kidogo. Kabla hajamsalimu vizuri alishawekewa mbele popoo na jani la tambuu.

"Tafuna kwanza," alisema Labanya. "Uongo wa Baruah utaniambia baadaye."

"Baideu, mimi sikuja kwa ubaya."

"Najua, mdogo wangu. Watu wabaya hawaji kwa basi."

Phukan alitafuna. Kweli hakuja kwa ubaya. Akiwa shuleni alikuwa ameisoma riwaya yake ya kwanza chini ya dawati, na ukurasa wa mafuriko ulimliza mbele ya wenzake. Ndiyo maana aliomba atumwe yeye, asitumwe mtu mwingine ambaye angepaza sauti.

"Watu watacheka," alisema. "Hilo tu. Mama anafiwa na mtoto, halafu anafungua mdomo anaongea Kinalbari. Ukumbi wote utacheka. Umewahi kusikia mtu wa kulia machozi akiongea hivyo katika picha? Wanaoongea hivyo ni vichekesho. Mtumishi. Mlevi. Mwizi wa kuku."

"Na mimi," alisema Labanya.

Kutoka jikoni alitokea mwanamke mnene, mikono imejaa unga wa mchele. Huyo alikuwa Damayanti, mdogo wake Labanya, ambaye hakuwahi kuigiza maishani mpaka dada yake alipomkalisha mbele ya kamera na kumwambia awe mama yao.

"Na mimi pia," alisema. "Au mimi ni mwizi wa kuku?"

Jambo lenyewe lilianzia kwenye boga. Huko juu, Sivasagar, boga jeupe lile linalotambaa mapaani huitwa *komora*, na kila irabu hupewa nafasi yake ya kukaa. Huku chini watu hukaza mwanzo na kumeza katikati: *kumra*. Wiki ya kwanza chuoni Guwahati, Labanya aliuliza mezani kama kuna kumra, na meza nzima ikaangua kicheko. Waliendelea kumwita Kumra mpaka alipomaliza masomo. Akajifunza kuongea kama redio. Alijifunza vizuri mno, hata waliomcheka wakasahau alikotoka.

Riwaya ya kwanza aliiandika kwa siri usiku wa likizo, na mama wa ndani ya riwaya alimwandika jinsi mama yake alivyoongea. Mhariri alinyoosha kila neno lake, kwa heshima, kwa kalamu nyekundu. Labanya akasema asante. Kitabu kikasomwa nchi nzima. Alipopata nafasi ya kutengeneza filamu ya kwanza, mama alichezwa na bibi mmoja wa mjini, mwenye sauti kama kengele ya hekalu. Labanya akasema asante tena. Filamu ikasifiwa. Akaja nayo Nalbari, akamkalisha mama yake mstari wa mbele.

"Yule mama wa kwenye picha ni mtu wa wapi?" mama aliuliza walipotoka.

"Ni wewe, mama."

"Mimi?" Mama alifikiri kidogo. "Mimi siongei vile."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekataa kofia isiyo yake. Mwaka uliofuata alikufa, na Labanya akaendelea kuandika riwaya na kutengeneza filamu mbili nyingine, zote zikiongea kama redio, mpaka siku moja akaona hawezi tena.

"Kwa hiyo umwambie Baruah, makopo hayatoki," alisema sasa, akifuta kisu.

"Atasema hutapata filamu nyingine."

"Aseme. Kalamu hakuninunulia yeye."

"Baideu, wakicheka je?"

"Wakicheka watakuwa wamecheka. Leo mchana utasikia mwenyewe. Umeliona lile hema?"

Hema lilikuwa la kundi la maigizo la Harmohan, mojawapo ya yale yanayozunguka Assam majira yote ya baridi na malori yao, majukwaa yao na taa zao. Mchezo wa jioni ulikuwa wa malkia wa Misri. Mchana hema lilikuwa tupu, na Harmohan, aliyecheza gololi na Labanya utotoni, alikuwa amemwazima.

Kuna jambo ambalo Phukan hakulijua na kila mtu mwingine alilijua. Mchekeshaji wa kundi hilo, Khargeswar, ambaye wote walimwita Khargo, alikuwa na mzaha mmoja uliomlisha miaka yote. Katika kila mchezo alicheza mtumishi, na katika kila mchezo mtumishi aliulizwa amekula nini. Alikuwa anavuta pumzi, anatoa macho, kisha anasema: "Kumra!" Watu wa Nalbari, ambao wenyewe husema hivyo kila siku, walikuwa wanaanguka vitini. Walimcheka mtu aliyeongea kama wao, kwa sababu jukwaani ndivyo walivyozoea kuongea kwao kulivyotumika.

Hema lilijaa. Mashine ya picha ilinguruma, ikatoa moshi kidogo, kisha Damayanti akatokea kwenye shuka jeupe, mkubwa kuliko nyumba, anapuliza moto. Jirani akapita akauliza anapika nini.

"Kumra tu," akasema mama wa kwenye picha. "Bata atangoja mwenye nyumba aje amchinje."

Kicheko kilipasuka kama puto. Watu walipiga mapaja, mmoja akaita, "Khargo, mkeo huyo!" Phukan, aliyeona ameshinda, hakupata raha ya ushindi hata kidogo. Pembeni yake Damayanti alijifunika uso kwa ncha ya shuka lake la begani. Labanya alimshika mkono akaushusha.

"Toa mkono. Jitazame."

"Wananicheka, Baideu."

"Waache wamalize. Picha haijaisha."

Picha iliendelea. Mto ulijaa, mtoto akafuatana na jirani kuokoa ndama, jirani akarudi peke yake. Jioni mama akapika tena, akaulizwa tena, akajibu lile lile, na bado kulikuwa na waliocheka, ila sasa walitazamana kwanza. Kisha maji yakameza uwanja, yakameza ghala. Nyumba ikabaki paa, na juu ya paa maboga meupe, chakula pekee kilichosalia. Mama akapanda, akakata moja, akakaa nalo mapajani kama mtu aliyempakata mtoto mchanga. Mashua ya wasamaria ikasogea.

"Umeshika nini, mama?" wakamwuliza.

"Kumra," akasema.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Akajisikia yuko peke yake, akanyamaza katikati. Bibi mmoja mwenye fimbo aligeuka kumtafuta. "Wewe mama yako huongea Kiingereza?" alimuuliza, kwa sauti iliyofika kila kona.

Walipotoka nje, Phukan alisafisha koo.

"Walicheka, Baideu. Nilikwambia."

"Walicheka. Masikio ninayo."

"Sasa makopo..."

"Makopo yako palepale. Mdogo wangu, wewe ulidhani nimewaonyesha ili wanipe ruhusa?"

Phukan alilala kwao, maana basi la mwisho lilikuwa limepita, na asubuhi aliamshwa na ugomvi barazani. Khargo alikuwa amesimama pale, rangi ya jana bado imo masikioni, mikono kiunoni.

"Baideu, umeniua! Umenizika na mchanga umenimwagia!"

"Kumetokea nini tena?"

"Jana nimetoka jukwaani. Malkia wa Misri ananiuliza, ewe mtumwa, umekula nini? Natoa macho. Nasema kumra. Kimya! Hema zima kimya kama msibani! Halafu mama mmoja, mstari wa pili, anaanza kulia. Analia! Mimi mchekeshaji! Malkia akasahau maneno yake."

Damayanti alikimbilia jikoni, na kutoka huko wakamsikia akicheka kwa kwikwi. Labanya hakucheka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Pole, Khargo," alisema. "Tafuta neno jingine."

"Lipi? Lile ndilo lililonioza mke!"

"Sema komora. Nyoosha mdomo, ongea kama redio. Jaribu."

Khargo alimtazama Phukan, akainua kidevu, akaunganisha viganja tumboni kama afisa. "Leo nimekula *ko-mo-ra*," alisema, na wapagazi waliokuwa njiani na mbao za jukwaa wakaziweka chini ili wacheke vizuri. Phukan naye alicheka, kwa kuchelewa, mkono ukigusa kidevu chake mwenyewe.

Malori yalikuwa yanapakiwa. Mji uliofuata ulikuwa upande wa Barpeta, na habari zilikuwa zimewahi kufika: watu wa huko waliuliza kama picha ya mama wa boga itakuja na hema. Harmohan alimwachia Labanya kiti cha mbele karibu na dereva. Makopo yalipandishwa, Khargo mwenyewe akiyabeba huku akilaani, na Labanya akapanda na mfuko mmoja na taulo jeupe lenye urembo mwekundu shingoni.

"Nimwambie nini Baruah?" Phukan aliita chini ya dirisha.

"Mwambie aje mwenyewe. Aje mchana, nitamwekea kiti mbele."

"Ataniachisha kazi."

"Ukiachishwa, Harmohan anatafuta wa kuendesha mashine. Ya jana ilitoa moshi, hukuona?"

Lori liliguna, likaingia barabarani, na mkono wa Labanya ukaonekana dirishani mpaka mianzi ilipouficha. Phukan alibaki. Kwenye duka la njia panda kulikuwa na simu, naye alijua anatakiwa kuipiga. Akarudi barazani akakaa.

Damayanti alimletea wali, na kando ya wali bata, nyama imelainika ndani ya vipande vyeupe vya boga vilivyoiva mpaka vinaangaza.

"Kula. Baideu alisema usiondoke na njaa."

Alikula mpaka sahani ikabaki mchuzi. Alipotaka kuongezewa alinyoosha kidole kwenye sufuria, kisha akakirudisha kidole, akajitayarisha, akasema neno lenyewe.

Damayanti alicheka mpaka akaiweka sufuria chini.

"Umeliingizia irabu katikati," alisema, akifuta macho. "Haya, sema tena."